Kivuli Alichokiacha Mkude

"Kazi uliyoipenda kuliko hata mimi, umeiacha ukajiunge na kampuni changa ya watu watatu—"

"Wanne, mama Tunu! Na mimi nimo!"

"Usinikatize! Na kile kivuli ulichokiacha kule?"

Mkude alicheka, ila jasho jembamba lilikuwa linamtoka. Sheria ndiyo hiyo: ukiacha kazi, unaiachia kampuni kivuli chako ndani ya mashine, nakala ya akili na sauti yako, kinajua yote unayoyajua, kinaendelea kuchapa kazi.

"Hakili, hakilali. Kitatufanya nini?"

"Mimi kinanikumbuka?"

Simu ya Mkude ikaita: ofisi ya zamani. Akaweka spika.

"Kaka, samahani," ilisema sauti ya Mkude mwenyewe kutoka kwenye simu, kwa adabu. "Naomba utoke nje kidogo, niongee na mke wangu."