Siku ya Ishirini na Tisa

Programu inayoendesha nyumba zote za mji wetu ina kanuni moja: jina lisilotamkwa kwa siku thelathini linafutwa, ili mitambo ibaki myepesi. Mwezi uliopita ilifuta taa ya stoo, nikacheka.

Leo asubuhi nikachungulia orodha, nikajikuta mwenyewe: Kinyogoli, siku ya ishirini na tisa. Nikifutwa, mlango hautanifungulia tena, wala bomba halitanitolea maji.

Usidhani nimetelekezwa. Naitwa kutwa! Wajukuu wananiita Babu, mke wa mwanangu, Sikudhani, ananiita Baba. Ila kina baba wamejaa mjini, programu haiwahesabu. Kujiita mwenyewe nako hakuhesabiwi. Nimejaribu mara mia nne, hadi sauti ikakauka.

Basi nikaficha kopo la chumvi kwenye koti, nikaketi mezani. Nilitaka Sikudhani akasirike, adabu imponyoke.

Akaonja mchuzi, akasaka kabati zote, kisha akaona mfuko wangu ulivyotuna.

"Baba! Utoto gani huu?"

"Nitaje jina, nikupe."

"Mie nimtaje baba mkwe jina? Makubwa!"

"Mara moja tu, mwanangu. Kesho nafutwa."

"Acha hadithi zako, Baba. Juzi ulisema ulipigana mieleka na kiboko."

Akachukua chumvi yake, akakoroga, akawaita wajukuu kwa majina, mmoja mmoja, waje kula. Sahani ya kwanza akanipa mimi, kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa.

"Karibu, Baba."