Uloto wa Kaka

Pantaleo alifunga kufuli kwa ndani, akasukuma belo la mitumba likaegemea mlango wa chuma, kisha akakaa chini maana miguu ilikataa. Ngazi za ghorofa moja tu, na alihema utadhani amekimbizwa na mgambo kutoka Buguruni.

"Wasinione," alijiambia. "Bora wanichukie."

Stoo ilikuwa ya rafiki yake Abdulrazak, juu ya maduka ya Mtaa wa Msimbazi. Chini, spika za wauza nguo zilikuwa zinapiga kelele za bei kama kawaida. Katikati ya bei hizo, jamani, ikasikika sauti ya mama yake. Sijui alimbembeleza vipi yule mwenye spika.

"Pantaleo mwanangu, popote ulipo, rudi hospitali! Dokta kasema leo ndiyo mwisho! Nakuomba kwa magoti, usiniulie mwanangu!"

Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, akajifunika uso kwa sweta la mtumba na kulia.

Msimwone katili. Zakayo, mdogo wake, alimlea mwenyewe tangu walipohamia Bongo kutoka Mbinga. Alimfundisha hata kuvuka barabara. Ndiyo maana mama yao, Evarista, alipomweleza kwamba Zakayo ana saratani ya damu na atahitaji kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, hakungoja amalize. "Chukueni wangu," alisema. Wakapimwa wote wawili, wakaonekana wanalingana. Mama alicheza palepale kwenye korido.

Zakayo mwenyewe alionekana buheri wa afya, lakini mama alisema ndivyo ugonjwa huo ulivyo, unamla mtu ndani kwa ndani. Nani angembishia? Maneno mazito Dokta Nirali alimwambia mama pembeni, kama ndugu wa wagonjwa wanavyopenda, na mama ndiye aliyewagawia wanawe kwa kipimo chake.

Kisha Pantaleo akauliza swali. Alimkuta Dokta Nirali getini anasubiri gari, akamwamkia, akamwuliza huo uloto unafanya kazi gani hasa.

Dokta alimweleza bila haraka. Mle ndani ya mfupa ndimo zinamoishi seli mama, zile zinazoizaa damu. Makazi yao yakiwa mazuri, zinazaa damu njema. Yakichakaa kwa umri, au yakivimba kwa maradhi, zenyewe nazo zinazeeka kabla ya wakati, na nyingine zinaweza kugeuka saratani. Hata iliyo nzima, ikiishi katika makazi mabovu, inaweza kuharibika.

"Kama chungu cha togwa kilichoharibika," alisema Pantaleo. "Ukitia uji mpya, nao unaharibika."

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo chungu tunakisugua kwanza kwa dawa kali. Na anayetoa lazima awe mzima kabisa." Dokta akamgusa bega. "Usiogope, Pantaleo. Tutapambana pamoja."

Hapo ndipo baridi ilipomwingia. Mzima kabisa! Yeye? Fizi zilimtoka damu kila akipiga mswaki. Homa alizisingizia mbu wa bondeni, na madoa meusi mapajani aliyasingizia mabelo anayobeba. Sasa akajiona alivyo: mtu aliyezeeka mpaka ndani ya mifupa, na uozo huo ndio wanataka kumtia Zakayo.

Alimwambia mama. Mama akamziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. "Nyamaza! Kesho mnalazwa. Mambo ya ugonjwa niachie mimi." Pantaleo akaelewa kwamba mama, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, angekubali uloto wowote hata kama ni sumu. Asubuhi akatoroka.

Mlango wa chuma ukatikiswa.

"Kaka! Fungua! Najua umo, Abdulrazak kaniambia."

"Nenda zako, Zakayo. Mgonjwa gani anapanda ngazi na jua hili?"

"Fungua kwanza tuongee."

"Sifungui. Katafuteni mtu mwingine, hata Mbinga ndugu wapo. Mimi nimeoza ndani, mdogo wangu. Nikikupa uloto wangu nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu mwenyewe, halafu mama nitamtazama kwa macho gani?"

Ngumi za mlangoni zikakoma.

"Ndiyo sababu umekimbia?" Zakayo aliuliza taratibu.

"Sasa wewe ulidhani nini?"

"Tulidhani unaogopa sindano. Mama anadhani unaogopa kufa."

"Kufa!" Pantaleo alitaka kucheka. "Wangeniambia wanautaka mfupa mzima ningewapa na mguu wake. Ningekuwa na afya yako ile ya zamani, saa hizi tungekuwa tumeshamaliza."

Kitu cha uvuguvugu kilimshuka mdomoni. Akafuta kwa sweta, likawa jekundu. Akajaribu kusimama, ukuta ukazunguka, akakaa tena. Aliona aibu, akashukuru kwamba mlango umefungwa.

Zakayo alikuwa analia sasa, analia kwa sauti, wapita ngazi wanamshangaa.

"Mama aliniapisha, kaka. Mjomba naye, shangazi naye, wote walisema ukijua utakata tamaa, bora uende hospitali unadhani unamsaidia mtu. Nikakubali. Mungu anisamehe, nilikubali."

"Walikuapisha nini?"

"Fungua mlango, kaka, nakuomba. Mimi sijawahi kuumwa. Anayekufa ni wewe."