Mtego wa Jemima

Jemima alichora jibu la uongo, polepole na kwa usafi, akasogeza kiwiko ili Rebecca, jirani yake wa dawati, alione vizuri.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Pikipiki haibebi zaidi ya kilo mia moja. Andika kwa alama, kisha chora kwenye mstari. Mtoto yeyote wa Bigo aliyeona magunia ya makala ya kupikia yakipakiwa angejua: x ≤ 100, kiduara cheusi juu ya mia, mshale kwenda kushoto. Jemima aliandika x > 100. Kiduara kitupu, mshale kwenda kulia. Pikipiki ya namna hiyo haijazaliwa.

Muhula uliopita karatasi zao zilifanana. Aliyenakili ni Rebecca, lakini ndiye aliyetangulia kulia, akaaminiwa. Jemima akapewa sufuri, na shule nzima ikamwita mwizi. Sasa ilikuwa interro, jaribio la mwisho la mwaka. Akipata sufuri nyingine atarudia mwaka, lakini alimchukia Rebecca kiasi cha kutojali hatari.

Iba, dada yangu, alisema moyoni. Iba ushibe.

Mwalimu Hubert alizunguka kati ya madawati, mikono mgongoni. Kila mara alisimama nyuma ya Jemima, akaitazama karatasi yake kwa muda mrefu, akaguna, akaendelea. Jemima alifurahi. Leo mwizi atakamatwa na mlinzi mwenyewe.

Rebecca alinakili, akakabidhi karatasi, akatoka akitabasamu. Hapo tu Jemima akashika kifutio. Kwa Mwalimu Hubert kukata jibu kwa biki ya wino ni sufuri, kwa hiyo darasa zima lilitumia kalamu ya risasi. Akafuta uongo wote, akaandika ukweli, akawa wa mwisho kukabidhi karatasi.

Kesho yake karatasi zilirudi.

“Rebecca, dix sur dix, kumi juu ya kumi! Mumupigie mikono.”

Makofi yakalipuka.

“Jemima, zéro.”

“Hapana, mwalimu!” Jemima alisimama kwa hasira. “Rebecca alikopia kwangu! Ya kwangu ndiyo ya kweli!”

“Ikala chini.” Mwalimu Hubert alimrudishia karatasi, akamtazama kwa huruma kabisa. “Weye ulikuwa na jibu ya muzuri, ile ya mushale wa kulia, mutoto. Niliiona na macho yangu. Juu ya nini uliifuta?”