Jina Upande wa Wagonjwa

Kabla hajapokea kitabu cha nyimbo, mama yule alitoa karatasi.

"Hii isomwe leo," alisema. "Kwenye maombi ya wagonjwa. Ni binti yangu."

Mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni alikuwa fundi saa, jicho lake la kulia dogo kuliko la kushoto kwa kuchungulia vijigurudumu miaka arobaini. Aliisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. Jina la ubatizo, jina la baba, miaka tisa.

"Miwani umeiacha wapi leo?" mpokea wageni, mwanamke mchangamfu, alimtania.

"Iko nyumbani, inasali na mke wangu." Akaitia karatasi kwenye daftari lake.

Mpokea wageni alimshika mgeni mkono, akampeleka benchi la nyuma. "Karibu, dada. Sura yako ngeni hapa."

"Natoka ng'ambo ya reli."

"Si kuna kanisa letu kule? Tena kubwa, lenye kengele mbili?"

"Lipo. Kule wameacha kumwombea."

"Wameacha?"

"Tangu mwezi wa pili. Nikipeleka jina, mchungaji ananishika tu mkono. Halisomi."

"Makubwa haya! Mtu anachokaje kuomba?" Akaketi hapo hapo ubavuni mwake, akawaacha wageni wengine wajipokee wenyewe. Mama wa mgonjwa haachwi peke yake.

Walipokuwa wakingoja kengele, alimnong'oneza, "Kitendawili."

"Tega," mama alijibu, kwa mazoea tu.

"Mzigo wangu, mmoja haubebi. Wakiubeba watu mia, hauna uzito."

Mama alifikiri. "Mgonjwa."

"Mimi nilisema shida, lakini jibu lako nimelipenda. Anakula?"

"Hali."

"Anaongea?"

"Alikuwa hanyamazi. Mtoto wa maswali, yule! Alitaka kujua Mungu anafua nguo siku gani."

Mpokea wageni alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitabu. Mama naye alianza kucheka, kicheko kikakatikia njiani.

Ibada ilikuwa ile ile anayoijua, lakini kila kitu kimesogezwa kidogo, kama nyumba ya dada mtu. Kitabu cha sala kile kile, kurasa zile zile. Nyimbo tu ndizo walizozivuta zaidi, kwa hiyo kila mstari aliumaliza kabla ya wenzake, akabaki anawangoja. Mahubiri yalipita juu ya kichwa chake. Alikuwa anangoja maombi.

Watu walipiga magoti. Fundi saa akaenda mbele na daftari lake.

Alianza na wagonjwa. Mpiga kinanda aliyeteguka mkono. Bibi mmoja wa presha. Mapacha wa mwalimu, wenye surua. Kila jina likitajwa, watu waliitikia, "Bwana, utusikie." Mama alilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Jina la tano. La sita. La saba.

Majina yakaisha. La binti yake halikutajwa.

"Na sasa tuwakumbuke wenzetu waliotutangulia," fundi saa aliendelea, akafunua ukurasa. Akamtaja babu mmoja. Kisha akamtaja binti, jina la ubatizo na la baba yake.

"Hapana!"

Mama alikuwa amesimama, peke yake, katikati ya watu waliopiga magoti.

"Hajafa! Mwanangu hajafa! Mtoeni huko!"

Fundi saa aliitazama karatasi, mbali, karibu, mbali. "Mungu wangu," alisema. "Nimeitia upande usio wake."

Mchungaji aliteremka kutoka madhabahuni na majoho yake, akatembea mpaka benchi la nyuma.

"Mama, tusamehe. Tumekukosea."

Akalisoma jina upya yeye mwenyewe, pamoja na wagonjwa. Kanisa zima likanyoosha mikono kumwelekea mama yule, wakaitikia kwa sauti hata njiwa wakaruka kutoka darini. Mpokea wageni alilia bila kujificha. Mama hakulia. Alifumba macho, akapokea lile jina kama mtu anayepewa maji baada ya safari ndefu.

Ibada ilipokwisha, akina mama walikuwa tayari wamemjazia mfuko: machungwa, sabuni, kitabu cha picha.

"Tunakwenda nawe hospitali sasa hivi," mpokea wageni alisema. "Usibishe. Wodi gani?"

"Namba nane. Kitanda cha dirishani." Uso wake ulikuwa umefunguka. "Machungwa myatoe nyuzi nyeupe. Akiuona uzi mmoja, hataki tena."

"Mtoto wa kifalme, huyo!"

Wakatoka wanacheka. Getini alisimama mwanamume mwenye baiskeli, jasho likimtiririka, penseli ya useremala ikiwa bado sikioni. Tangu asubuhi alikuwa amepita makanisa matatu.

"Baba watoto!" mama alimwita kwa mbali. "Wamemwombea! Wote!"

Mwanamume aliitikia kwa kichwa. Mfuko hakuutazama.

Fundi saa aliwahi kumfikia, kofia mkononi. "Ndugu yangu, mimi ndiye mwenye kosa. Nimemsoma mwanao pamoja na marehemu, na mtoto yu hai. Nimemtia mama uchungu mbele za watu. Nisamehe."

Seremala alimtazama mkewe, aliyekuwa akiwaonyesha wenzake jinsi ya kumenya chungwa.

"Hukukosea, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Jeneza lake nililichonga mwenyewe."