Muhuri wa Komeo

"Toa huo muhuri, ipite!" bosi alifoka kwenye simu. "Tovuti ya kliniki imekwama tangu asubuhi. Wagonjwa hawawezi kuweka miadi!"

"Haipiti, bosi."

Si bure wenzake walimbandika jina la Komeo. Kila moduli, yaani kipande cha programu, iliyotoka kwa watu wa nje aliipigia muhuri wa tarakimu, na ikibadilika hata koma moja, kivinjari kiliikataa mlangoni. Leo iliyokataliwa ilikuwa moduli ya kuchora kalenda ya miadi, kazi ya mtu aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Nukta tu.

"Una mpaka saa tisa," bosi akasema. "Ikipita hapo, namtafuta mwingine mwenye kichwa laini."

Komeo alikuwa na mwezi wa pili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Akarudi kuketi katika chumba cha kulala, ambacho mchana kilikuwa ofisi yake, akamwandikia Nukta: "Umegusa nini kwenye toleo la zamani?"

Jibu likaja upesi. "Nimesahihisha koma."

Komeo akaandika: "Watu maelfu wanategemea kazi yako, nawe unaibadilisha kimyakimya chini ya namba ileile ya toleo? Rudisha ya zamani kama ilivyokuwa. Mpya ipe namba yake. Huna haya?"

Akaandika tena, mara hii kwa herufi kubwa.

Mama mkwe akachungulia mlangoni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mwalimu huyu mstaafu wa hesabu alihamia kwao majuzi, na kutwa alishinda kwenye kochi na kompyuta kuukuu ya mwanawe. Anacheza karata, mwanawe alisema. Jana tu Komeo alimwonyesha, kwa subira kubwa, namna ya kukuza maandishi.

"Mwanangu, unagombana na nani? Unavyopiga hizo herufi, utadhani unatwanga."

"Jitu moja kaidi, Mama. Mambo ya kompyuta haya, hutayaelewa."

"Haya mwaya." Mama mkwe akaondoka taratibu, akiburura ndara sakafuni.

Saa tisa kasorobo ujumbe ukaingia: "Umesema kweli. Nimeirudisha."

Komeo akajaribu, pumzi ameibana. Muhuri ukalingana. Kalenda ikajichora, na kabla hajamaliza kushusha pumzi, miadi mitatu ilikuwa imeshawekwa. Bosi akatuma maneno machache: "Jumatatu njoo utie saini mkataba."

Furaha ikamlainisha. Akamwandikia Nukta: "Ahsante sana. Na unisamehe kwa maneno makali, hata hatujuani."

"Yamekwisha. Ulivyokaza ndivyo inavyotakiwa," Nukta akajibu. "Sasa njoo sebuleni unisaidie kusogeza kochi, chaja imeangukia nyuma."