Deni la Ndelilio

"Sisaini, baba. Nimeshasema sisaini."

"Utasaini!" Mzee Sifael akapiga meza, kikombe kikaruka, chai yote ikamwagika. "Deni lina jina lako. Unataka waanze kunitafuta mimi mdhamini, na miguu hii?"

"Jina ni langu, ndiyo," Ndelilio akasema. "Sijakataa jina."

Violet, mkewe, alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, mkono juu ya tumbo la miezi saba. Ugomvi huu kauleta yeye. Jana loji moja hapa Marangu ilimpa mumewe mkataba: mtunza stoo, ajira ya kudumu, bima, kila kitu. Ila wakamwambia na lingine. Kwenye mfumo anaonekana anadaiwa mkopo wa chuo kikuu, milioni kumi na moja na ushee, kwa hiyo kila mwezi mshahara utakatwa asilimia kumi na tano. Ndelilio akarudi nyumbani, akautupa mkataba juu ya kabati, akasema hiyo kazi haitaki.

Yaani miaka miwili ya ndoa, Violet anajua mumewe kaishia fomu siksi. Kumbe msomi wa chuo kikuu, halafu anabebea wazungu mabegi mlimani? Hakupata usingizi. Kulipokucha tu akauchukua ule mkataba, akavuka migomba mpaka nyumba kubwa, akamshitaki kwa baba mkwe.

"Baba, mimi sina shida na deni," akasema sasa. "Watu wengi tu wanadaiwa. Shida yangu ni kufichwa."

Ndelilio akafungua mdomo. Akamwangalia baba yake. Akaufunga.

Mzee akapoa kidogo. Ni mtu wa kahawa huyu, kila kitu kwake lazima kiishie kwenye kahawa. "Sikiliza, Ndeli. Deni ni kama mbuni. Ukiupogoa kila msimu, mnaishi nao vizuri. Ukiuacha, yale machipukizi yanakula mti mzima. Ungekuwa umeenda mapema ukapanga nao kidogo kidogo, lisingefika huko. Sasa kubali ukatwe. Utazoea, na siku moja utaamka limeisha."

"Baada ya miaka mingapi?"

"Hata iwe kumi. Kwani unaenda wapi? Wewe ndiye wa mwisho. Kihamba hiki, shamba la mababu, ni chako, nyumba hii yako, na sisi wazee ni wa kwako. Umeona wapi mtoto wa mwisho anaondoka?"

"Sijaona. Mmeniimbia hivyo tangu nimalize fomu siksi."

"Na hujafa."

"Bado."

Violet nusura acheke.

"Basi Eliufoo alipe," Ndelilio akasema. "Ana duka Kahama, mangi mzima. Yeye hakatwi na mtu."

"Kaka yako ana watoto watatu na kodi ya fremu. Mwache apumue."

Violet akainua macho. Ukutani, juu ya redio, Eliufoo alikuwa anacheka ndani ya joho lake la mahafali. Picha ya Ndelilio ya namna hiyo haikuwepo. Huyu aliona aibu hata kuitundika, Violet akawaza. Hapo ndipo alipochemka na yeye.

"Kaka wa watu ndiye alipe deni lako? Mwenzio kasoma, kajitafutia. Wewe umekula hela za mkopo miaka mitatu, ukarudi kubeba mabegi. Mvua zikianza wageni hawapandi, tunakula nini? Huyu mtoto nimfungie kwenye gunia? Saini, Ndeli."

"Na wewe unasema nilikula."

"Ulikula."

Nje ng'ombe akalia zizini, anataka majani. Mzee Sifael akanyanyua kikombe chake kitupu, akanywa.

Ndelilio akaivuta ile karatasi, akaifuta chai kwa mkono wa shati. Akasaini. Akaandika na jina lake lote chini, taratibu, kama mtoto anayejifunza herufi. Akamsogezea mkewe mkataba, kisha akachukua panga na kamba ya majani nyuma ya mlango.

"Kaka akija Krismasi," akamwambia baba yake, sauti imeshuka kabisa, "mwambie anielekeze hicho chuo alichosoma kwa jina langu. Hata geti lake tu, lina rangi gani. Kazini wasije wakaniuliza nikakosa la kusema."

Akatoka, akafunga mlango.