Folda ya Arobaini na Moja

Fundi alikuwa ameshafuta folda arobaini za muda, masalia ya kusakinisha programu ya shule, na kompyuta ilianza kupata nafuu.

"Futa zote, dada, tufunge ofisi," alisema katibu wa shule, mkoba begani.

"Kila moja naifungua kwanza, kaka."

"Hata takataka zinakaguliwa?"

Folda ya arobaini na moja ilikuwa na alama za mtihani za darasa zima, zile ambazo katibu aliapa kuwa programu imezimeza.

Katibu aliinama. Mkoba ukamteleza hadi kwenye kiwiko.

"Kumbe nilizihifadhi humo," alisema polepole.

Fundi aliondoa kidole kwenye kitufe, akazinakili kwenye flashi, akamkabidhi.

"Zimebaki folda tisa. Kesho tutazifungua pamoja."